Jumamosi Tatu za Karanga

Kopo la rangi ya machungwa lilipita mbele ya nafasi ya kumi na moja bila kusimama, na Bi Nelda Tidmore akajua kwamba amenuniwa rasmi.

Kila Aprili, Jumamosi moja kabla ya mechi ya majaribio, watu wa Safu ya Nne hukusanyika kwenye maegesho ya uwanja wa Wehatka kupaka upya namba za nafasi ambako siku za mechi huegesha magari, wakapika na kula pamoja. Kopo ni moja, brashi ni moja, na mwenye kuvishika ni Royce Culpepper, muuza matrekta na shemasi wa kanisa la Wabaptisti, anayepiga magoti mbele ya kila familia kwa zamu, mzito na mwenye heshima zake. Uwanja ni wa chuo na lami ni ya chuo, lakini muulize mtu yeyote mjini, atakwambia Safu ya Nne ni ya watu wa Safu ya Nne. Kumi na moja imekuwa ya akina Tidmore kwa miaka ishirini na tisa. Doyle, mume wa Bi Nelda, ndiye aliyeweka pale sufuria ya kuchemshia karanga, chuma kitupu, pana kiasi cha kumwogeshea mtoto. Alipofariki, mkewe aliendelea kuileta. Leo Royce alimaliza namba kumi, akainuka akishika kiuno, akamwamkia Bi Nelda kwa adabu zote, kisha akaenda kupiga magoti kwenye kumi na mbili.

Bi Nelda hakumlaumu. Brashi ingekuwa mkononi mwake, labda naye angefanya vivyo hivyo. Neno lenyewe alilitamka yeye, kwa kinywa chake, mbele ya watu arobaini waliokuwa wakitafuna kuku.

Hiyo ilikuwa Novemba, kwenye mkutano wa Kiota. Siku hizi mpira wa vyuo si wimbo na rangi tu (na mpira kwa watu hawa ni ule wa kubeba mikononi na kugongana vifua, mwingine hawautambui). Mchezaji ameruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake. Anaweza kutangaza viatu, benki, hata magodoro, na vyuo vikubwa vina matajiri wa kumtafutia hayo matangazo. Wehatka haina matajiri, ina Safu ya Nne. Kwa hiyo mashabiki waliunda mfuko wao wakauita Kiota, maana timu yao ni Korongo, na kila mwezi fundi bomba anatia dola kumi, muuguzi ishirini, mwalimu anachoweza, ili kijana mzuri akitokea apewe tangazo la biashara ya hapahapa asiende kuwanufaisha wengine. Sharti ni kwamba iwe kazi ya kweli, sura ionekane kweli na wateja wasalimiwe kweli. Kununua tangazo ni halali. Kununua mchezaji ni marufuku. Tofauti ya mambo hayo mawili watu wa Wehatka walikuwa wakiielewa kwa kukonyezana.

Na kijana mzuri alitokea. Tavious Mabry wa sekondari ya kaunti, miaka kumi na saba, kilo mia na arobaini, mchezaji wa mstari wa mbele, wale ambao kazi yao si kushika mpira bali kusimama katikati ya mwenye mpira na watu wanaotaka kumvunja mbavu. Makocha wa vyuo kumi na viwili walishakalia kochi la mama yake. Lakini hakuna aliyemjua kama Bi Nelda, kwa kuwa Bi Nelda alikuwa mpishi wa shule ile hadi alipostaafu, na kwa miaka mitatu alimpakulia sahani mbili kila mchana, ya pili ikiwa siri kati yao na mwiko. Kijana hakuondoka hata siku moja bila kurudisha trei na kushukuru.

Royce alikuwa na wasiwasi. Alisema vijana wa siku hizi wanawaambia watu watano ndiyo, halafu wanakwenda kwa wa sita. Hapo ndipo Bi Nelda aliposimama, paja la kuku mkononi.

"Huyo nimemlisha mimi," alisema. "Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akituangusha, nahamisha sufuria ya Doyle naipeleka kwenye maegesho ya kanisa, na karanga mtajinunulia dukani."

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu karanga za Doyle hazina mzaha, na mtu anayeweka dau la namna hiyo lazima awe na hakika. Mikono ikanyooka yote.

Walikubaliana tangazo liwe la karanga zenyewe, maana Bi Nelda ana kibanda chake kando ya barabara kuu na kibanda ni biashara halali. Sura ya Tavious ingechapwa kwenye mifuko, naye angesimama Jumamosi tatu kwenye sufuria akiuza: moja Aprili siku ya kupaka rangi, moja Juni, moja Julai. Wakili Fontaine Meeks, mwanamke mwembamba wa nafasi ya sita, ndiye aliyeandika mkataba. Aliandika kwamba utaanza kazi siku kijana atakapojiunga na chuo. Royce akataka iongezwe kwamba chuo hicho ni Wehatka. Wakili akakataa, akasema hilo ndilo lile la kununua mchezaji, na yeye hataki kufutwa uwakili kwa ajili ya mpira. Ataandika chuo, basi. Chuo chochote. Royce akakonyeza. Wakili hakukonyeza, ila hakuna aliyekuwa akimtazama.

Wiki iliyofuata Tavious alikuja kutembelea na mama yake, Corliss, mwanamke mpole anayeendesha basi la shule. Safu ya Nne ilijimwaga. Kulikuwa na mbavu za ng'ombe zilizookwa tangu alfajiri, soseji, maharage ya sukari, keki ya nazi ya tabaka saba. Walimwimbia wimbo wa chuo beti zote nne, hata ule wa tatu ambao hakuna anayeujua. Kijana alikula, akasikiliza, akajibu ndiyo bwana na ndiyo bibi kila palipostahili. Mwisho akajifuta mikono, akamgeukia Royce na kumuuliza kama pale chuoni wana ng'ombe.

Royce alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu," alisema, "ng'ombe wote tuliokuwa nao umeshawamaliza."

Safu nzima ilicheka. Bi Nelda alicheka kuliko wote, akamwongezea ubavu mwingine. Tavious naye alicheka kidogo, akashukuru. Baadaye aliusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, midomo ikitembea, akauliza swali moja tu: hizo Jumamosi anatakiwa saa ngapi. Bi Nelda akamwambia saa mbili asubuhi. Akasema ndiyo, akatia sahihi.

Desemba ilifika siku ya kutangaza. Kama ilivyo desturi, kijana aliketi nyuma ya meza kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule yake, kofia tatu mbele yake, kila kofia na chuo chake, mama upande huu na babu upande ule. Safu ya Nne ilikuwa imekusanyika kwenye duka la matrekta la Royce mbele ya televisheni, keki yenye umbo la korongo ikisubiri kisu. Mke wa Royce alishaanza kukata bawa. Tavious aliinua mkono, akaupitisha juu ya kofia ya machungwa, akavaa ile ya zambarau.

Zambarau ni Bascomb. Bascomb ni Nyumbu, maili arobaini kusini, watu ambao akina Culpepper hawajawaoza binti tangu enzi za babu yao. Mtu mmoja alizima televisheni, lakini alichelewa kidogo, na wote walikuwa wameshamsikia mwandishi akimuuliza kijana sababu, na kijana akijibu kwa ile sauti yake ya chini.

"Bascomb wana chuo cha udaktari wa mifugo. Mimi nataka kutibu ng'ombe."

Bi Nelda alihisi masikio yanamwaka. Wenzake walikuwa na hasira, yeye alikuwa na aibu, na hakuona aibu kwa ajili ya kijana. Miaka mitatu alimuuliza kila siku kama ameshiba. Wakampa mbavu, wakampa keki, wakampa mkataba, wakamwimbia hadi ubeti wa tatu, na katika watu wote wale, hakuna aliyefikiria kumuuliza mtoto anataka kusomea nini. Alipouliza mwenyewe, wakamcheka.

Asubuhi yake Royce alimpigia simu wakili, akataka ule mkataba uchanwe. Wakili Meeks akamsomea maneno mawili aliyoyaandika yeye mwenyewe, chuo chochote, akayarudia polepole. Mkataba ulikuwa hai. Januari, Tavious alipoingia Bascomb, pesa za Kiota zilianza kumfuata huko, na mifuko elfu mbili yenye sura yake ikawa imerundikwa kwenye banda la gari la Bi Nelda, sura inayotabasamu kwa haya mara elfu mbili.

Hakuna aliyemwambia Bi Nelda neno baya. Watu wa pale hawagombani hivyo. Wakikukasirikia wanakuletea bakuli la tambi na jibini, wanakuuliza hali ya magoti, na kuondoka bila kuketi. Wiki ile Bi Nelda aliletewa mabakuli manne. Royce alikuja mwishoni mwa mwezi, mikono mitupu, akasimama mlangoni na kofia kifuani.

"Dada Nelda," alisema, na Royce akikuita dada nje ya kanisa ujue hajaja kwa heri. Akasema hapendi kulitaja, ila kulikuwa na neno juu ya sufuria. Watu wanaulizana. Mtu akitoa ahadi mbele ya Kiota na watu wakatoa pesa zao kwa ahadi hiyo, basi ni vizuri ikaonekana.

"Nilisema akituangusha," Bi Nelda akamjibu. "Hajatuangusha bado. Aliahidi Jumamosi tatu, hakuahidi kofia. Asipotokea siku ya kupaka rangi, nitaihamisha mwenyewe, na hutanisaidia kubeba."

"Hatakuja, Nelda. Pesa anazo, chuo anacho. Aje huku kutafuta nini?"

Bi Nelda alisema atakuja, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hadi Aprili alishika simu mara nyingi apate kumpigia Corliss, na kila mara akairudisha mezani. Alitaka kijana aje bila kukumbushwa. Akija kwa kukumbushwa itakuwa ni yeye Nelda aliyemleta, na hilo halikuwa dau alilowekeana na watu.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi yenyewe, na kopo limempita. Karanga zilizolowekwa tangu jana zilikuwa zinachemka kwenye maji ya chumvi, harufu imetanda safu nzima, na hakuna mteja. Nyuma ya sufuria aliegesha pikapu ya mkwewe, na ndani ya pikapu kulikuwa na kamba mpya, nene, ya kufungia sufuria ikihamishwa. Aliinunua jana. Hakutaka ije kusemwa kwamba hakujiandaa.

Saa mbili ikafika. Saa mbili na robo ikafika. Royce alishafika namba ishirini. Watu walipanga viti, wakawasha majiko, wakazungumzia mvua, wakijitahidi kwa nguvu zao zote kutotazama kumi na moja. Bi Nelda alikoroga karanga zisizohitaji kukorogwa. Aliogopa, na hakujificha nafsini mwake kwamba anaogopa. Karanga zitachemka popote, hata kanisani. Lakini hapa ndipo Doyle alipokuwa akigombana na redio, hapa ndipo alipomchumbia kwa mara ya pili walipofikisha miaka ishirini ya ndoa, amelewa kidogo, mbele ya watu, na pete ya kopo la bia. Kwenye maegesho ya kanisa Doyle hakuwahi kusimama. Kanisani alikuwa akienda kwa miguu.

Saa mbili na dakika ishirini na tano alimwona. Ni vigumu kutomwona Tavious Mabry. Alikuwa anakuja kwa miguu katikati ya maegesho, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, Corliss akimfuata kwa hatua fupi za haraka. Watu wa Safu ya Nne waliacha majiko yao, redio ikazimwa.

"Shikamoo Bi Nelda," alisema, akihema. "Nilifika saa mbili kasoro robo. Mlinzi wa getini amesema gari lenye kibandiko cha Nyumbu haliingii mpaka shemasi aamue. Amempigia shemasi, hapokei. Basi tumeliacha barabarani."

Macho yote yakamwendea Royce. Royce akajipapasa mifuko, akakumbuka simu yake iko ndani ya gari, akaonekana kama mtu anayetamani kopo la rangi lingekuwa pana zaidi ajitumbukize. Alisema hakusikia, na ilikuwa kweli, lakini ukweli wenyewe haukumsaidia sana.

"Na shati jeupe?" Bi Nelda aliuliza, kwa kuwa alipaswa kusema kitu.

"Mama amesema nikija na zambarau ni kuwatukana. Na machungwa kocha angeniua." Akaitazama sufuria. "Amenipa ruhusa hadi saa nane mchana. Nianzie wapi?"

Aproni ya Doyle haikumzunguka hata nusu. Mikanda ilikoma kwenye mbavu, huku na huku, kama mikono ya mtoto anayekumbatia mti. Bi Nelda aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaenda kwenye pikapu, akaitoa ile kamba mpya, akaikata kwa kisu cha karanga, akamfunga nayo kiunoni mafundo mawili. Ilitosha na kubaki.

Mwanzoni hawakuja. Kisha wakaja watoto, kwa kuwa watoto hawajui kununa mbele ya mtu mkubwa kiasi kile, na mzazi hawezi kumwacha mtoto ale karanga peke yake. Tavious alijaza mifuko kwa kijiko kirefu, akawapa watu mfuko wenye sura yake kwa mikono miwili na kuwaambia wajihadhari, maji ni ya moto. Wakili Meeks alinunua mitano na kuomba risiti. Ilipofika saa nne wakatokea watu ambao Safu ya Nne haijawahi kuwaona mchana kweupe: watu wa pikapu tatu kutoka Bascomb, waliosikia kijana wao yuko kule, wakatembea kutoka getini wamevaa zambarau tangu kofia hadi soksi. Walipanga mstari. Mwanamke mmoja mnene mwenye miwani alisema amekuja kuona pesa za Korongo zinavyofanya kazi.

"Zinafanya kazi vizuri, bibie," Bi Nelda alimwambia. "Mfuko ni dola tano. Kwa Nyumbu ni sita."

Mwanamke akalipa sita akicheka, akanunua mingine miwili. Jirani wa namba tisa, aliyeapa tangu Desemba kwamba hatamwangalia kijana usoni, alijikuta anampa mtu wa Bascomb kiti.

Mstari ulipopungua Bi Nelda alivuta ndoo, akaketi, akamwambia kijana naye apumzike kidogo. Kisha akamuuliza swali alilokuwa amelibeba miezi minne.

"Mwanangu, hao ng'ombe. Hebu niambie."

Tavious alimwangalia kwanza kuona kama kuna utani unakuja. Alipoona hakuna, akaanza, na alipoanza hakunyamaza. Bi Nelda hakuwahi kujua kwamba mtoto yule anaweza kusema maneno mengi hivyo. Alimwambia juu ya ng'ombe kumi na wanane wa babu yake na majina yao. Alimwambia jinsi, akiwa na miaka kumi na mmoja, ndama alivyotanguliza miguu ya nyuma, daktari yuko kaunti nyingine, babu mkono umevunjika, naye akamtoa ndama yule kwa kamba na sabuni ya vyombo, akilia njia nzima, na ndama akapiga chafya. Tangu hapo hajataka kitu kingine. Mpira anaupenda, alisema. Lakini mpira utamkataa siku moja, magoti yatachoka, na ng'ombe watakuwepo.

Bi Nelda alisikiliza mikono mapajani. Alijisikia mjinga na alijisikia vizuri sana, vyote viwili kwa pamoja.

"Siku ile tulipokucheka," alisema, "mbona hukutuambia unauliza kweli?"

Kijana akainua mabega. "Mlikuwa mnafurahi, Bi Nelda. Na mbavu zilikuwa tamu."

Royce Culpepper alikuwa amesogea. Alijifanya anakagua mtungi wa gesi, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliugonga kwa kidole, akaugonga tena, halafu akasema, huku akiuangalia mtungi, kwamba kuna jamaa yake ana mtamba aliyezaa mara ya kwanza siku tatu zilizopita, na anampiga ndama mateke kila akija kunyonya. Huyo jamaa anafikiri ni ukaidi tu. Anauliza kwa mfano.

"Ndama akinyonya upande wowote anampiga, au upande mmoja?" Tavious aliuliza.

Royce akafikiri. Akasema upande mmoja, kwa kadiri alivyo... kwa kadiri jamaa alivyoona.

"Basi amguse chuchu moja moja kwa kiganja. Kukiwa na moja ngumu yenye moto, huyo si mkaidi, anaumwa. Aite daktari leo, asingoje Jumatatu, anaweza kuipoteza. Mimi bado sijawa kitu, Bwana Royce. Lakini aite leo."

Royce alikwenda kwenye gari lake akafunga mlango. Waliokuwa karibu walimwona kupitia kioo akizungumza na mwanawe aliyeko shambani, akisubiri, akizungumza tena. Alikaa humo robo saa nzima. Kisha akatoka. Alikwenda nyuma ya gari, akashusha kopo na brashi, akaja navyo hadi namba kumi na moja, akapiga magoti kwa kishindo.

Namba ya zamani ilikuwa imefifia, na juu ya moja ya pili palikuwa na kiatu kikubwa kuliko viatu vyote vilivyowahi kukanyaga Safu ya Nne.

"Sogeza mguu, Nyumbu," Royce alisema.

"Ndiyo, Bwana Royce."

Alipaka polepole, ulimi nje kidogo kama anavyofanya kila mwaka. Watu wakarudi kwenye majiko yao, redio ikawashwa. Bila kuinua kichwa, Royce alisema daktari yuko njiani, ile chuchu ya nyuma kushoto ina moto kama sufuria. Kisha akauliza Jumamosi ya pili ni lini. Tavious akamwambia ni Juni, tarehe kumi na nne, na kwamba atafika saa mbili kasoro robo.

"Ingia na gari," Royce alisema. "Mlinzi nitazungumza naye. Kibandiko kifunike na kitu, lakini, kuna wazee hapa."

Bi Nelda alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, macho yamemlowa na hakuyafuta. Aliitazama namba.

"Royce, hiyo moja ya pili imepinda."

"Kila mwaka imepinda, Nelda," alisema Royce, akichovya brashi tena. "Doyle hakuwahi kulalamika."